Avenu moja, kontra tatu: nani anauliza habari za moyo wa watoto wetu?

Sisi watu wa sendika tumezoea hesabu. Tani ngapi zimetoka, saa ngapi za nyongeza, siku ngapi bila ajali, prime gani imekatwa. Tukiingia kikaoni na wakubwa wa kampani, tunabeba karatasi za namna hiyo. Lakini kuna hesabu moja ambayo hatujaiweka mezani bado, na wazazi wanatuletea mmoja mmoja, mlangoni, kisha mkutano kwisha: mtoto ambaye hasemi tena. Mtoto aliyekuwa wa kwanza mu kalasa, sasa anakaa nyuma na kulala. Kijana wa miaka 14 anayepiga wadogo zake. Binti wa miaka 15 anayelia usiku, na asubuhi ukimuuliza anajibu paka "haiko kitu".

Kwa lugha yetu hatuna neno moja juu ya jambo hili. Tunasema "moyo unatulia", ao "ana amani ndani". Na mambo yakisha kuharibika tunasema "mtoto amebadilika". Watafiti wanaliita kwa jina refu, lakini maswali yao ni mepesi. Mtoto anajiona salama nyumbani na mu masomo? Ana rafiki anayeweza kumwambia siri? Akikasirika, anajua kujizuia? Mwalimu anajua jina lake? Anaamini kwamba kesho kuna fasi yake? Kisha wanaongeza swali la pili, na hilo linatuhusu sisi moja kwa moja: watoto wote wanapata mambo hayo sawasawa, ao wengine wanapata mabaki? Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 ulimwenguni, mmoja anaishi na shida ya moyo ao ya akili. Haiko jambo la Wazungu, na haiko jambo la matajiri.

Tuchukue avenu moja tu. Msomaji wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi ao wa Fungurume ataitambua bila sisi kutaja jina. Nyumba ya kwanza, baba ana kontra isiyo na mwisho na kampani kubwa. Mtoto akiumwa, kuna karatasi ya lopitali. Nyumba ya pili, baba anafanya kazi mu shimo lile lile, anaendesha mashine ya namna ile ile, lakini kontra yake ni ya kampani ya sutretansi, miezi mitatu mitatu. Kila mwisho wa miezi mitatu nyumba nzima inanyamaza, juu hakuna anayejua kama baba atarudi na karatasi mpya ao atarudi na buti zake mkononi. Nyumba ya tatu, baba ni mchimbaji wa mikono, wale tunaita bakrezere. Siku moja anarudi na feza, nyama inapikwa, watoto wanapata viatu. Kisha juma mbili nzima wanakula deni. Na kule nyuma, mu aneksi, kuna familia iliyofika kutoka Kasai. Mama anauza bukari kando ya barabara, vijana wake wanatafuta fasi.

Watoto wa nyumba hizi wanacheza mupira mmoja mpaka miaka 11 hivi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serkali hayalipishwi, na Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imesema hivyo zamani. Ni jambo jema, hata kama kalasa zimejaa mpaka watoto wanakaa chini. Lakini mtoto akimaliza mwaka wa sita, minervali inarudi. Angalieni umri wenyewe: miaka 12, miaka 13. Ni wakati ule ule mwili unabadilika, sauti ya kijana inavunjika, binti anaanza kuona damu, kila mmoja anaanza kujilinganisha na mwenzake. Na ni wakati huo njo tunawatenganisha. Wa nyumba ya kwanza anaendelea. Wa nyumba ya pili anafukuzwa kila kontra ya baba ikikatika, anarudi, anafukuzwa tena, jina lake linasomwa mbele ya kalasa nzima. Wa nyumba ya tatu anamfuata baba yake ku machimbo, na dada yake anaosha mawe mtoni. Wa aneksi anasikia kwamba hapa haiko kwao.

Kisha tunashangaa na kusema: "Batoto ba leo habana heshima." Tuangalie vizuri. Mara nyingi haiko tabia ya mtoto. Ni kontra ya baba imeingia mu moyo wa mtoto.

Na wa nyumba ya pili si wachache. Uchunguzi wa mashirika RAID na CAJJ uliotoka 2021, juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti, ulikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako chini ya kampani za sutretansi. Kwa hiyo ukisema "mtoto wa mfanyakazi wa mgodi", unazungumza juu ya mtoto wa nyumba ya pili kuliko wa nyumba ya kwanza.

Zamani walipima akili

Kuchunguza watoto wa wachimbaji hakukuanza jana. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuweka wafanyakazi mu kampi pamoja na wake na watoto. Posho ilihesabiwa kwa kila kichwa: ya baba, ya mama, ya mtoto. Masomo yalitoka kwa kampani, lopitali ilitoka kwa kampani, hata mafundisho ya kushona ya bamama. Mwaka 1946 kilianzishwa Elisabethville kituo cha kuchunguza maisha ya wenyeji, CEPSI, na mu miaka ya 1950 kampani ilikuwa na wataalamu wake waliopima akili za watoto na za wafanyakazi. Swali kubwa lilikuwa moja: huyu anafaa kwa kazi gani? Mtoto alipimwa kama vile jiwe linapimwa kujua lina asilimia ngapi za shaba.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Watoto walikula, walichanjwa, walisoma. Lakini yote yalitegemea mkono mmoja, na mkono huo ulipochoka, nyumba zilianguka pamoja nao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi ameandika kitabu juu ya jambo hilo, kilichotoka 2001, na kichwa chake kinasema wazi: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Anaonyesha ginsi heshima ya baba nyumbani ilikuwa inashikwa na kampani. Baba alikuwa mkubwa juu alileta posho. Posho ilipokatika, mama akaanza biashara, watoto wakaanza kutafuta, na sauti ya baba ikapungua.

Tunakumbuka wenyewe. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Kampani ambayo mu miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 500,000 za shaba kwa mwaka ilishuka mpaka chini ya 50,000 mu miaka ya 1990. Mishahara ikakaa miezi na miezi. Kisha 2003, kwa mpango uliolipwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wakaondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Watu wanajua namba hiyo kwa kichwa. Lakini namba ya watoto waliokuwa na miaka 12, 13, 14 mu nyumba hizo haimo mu vinywa vya watu. Wale watoto leo ni baba na mama. Wengi wanafanya kazi ya sutretansi. Ukisikia mwanaume wa miaka thelathini na kitu anamwambia mtoto wake "usitegemee mtu, hata mimi", ujue maneno hayo yanatoka fasi gani.

Masomo 63 ya Katanga

Kuna uchunguzi mwingine uliofanywa hapa kwetu, na ni ajabu kwamba watu wachache wanaujua. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la IRC pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha New York walichukua masomo 63 ya msingi ya Katanga, wakayagawa mu vikundi 40. Vikundi vingine vilipata mpango mpya mara moja, vingine vilingoja, na waliochagua nani aanze haikuwa wakubwa bali kura. Watoto 4,465 wa mwaka wa pili mpaka wa ine walipimwa. Msidhani walikuwa wadogo wote: kwetu mtoto wa mwaka wa ine anaweza kuwa na miaka 13, juu alianza kwa kuchelewa ao alikatisha juu ya minervali.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Walimu wa masomo moja ao ya jirani wanakutana, wanaambiana shida zao, wanajifunza kufundisha kusoma kwa namna ambayo mtoto hapigwi, hatukanwi, anaitwa kwa jina, anafanya kazi pamoja na mwenzake. Hakuna mashine, hakuna jengo jipya.

Matokeo yalitoka 2015 na 2017. Watoto waliona kwamba masomo yao na walimu wao wanawasaidia zaidi kuliko zamani. Kusoma kuliongezeka kidogo, jiometri vilevile kidogo. Kujumlisha na kutoa hakukubadilika. Lakini uchungu wa ndani, huzuni, woga, na kuonewa na wenzao havikupungua kwa mwaka ule wa kwanza.

Watu wengine wakisoma hivyo wanasema mpango haukufaa. Sisi tunasoma namna ingine. Mwalimu mwema alimfikia mtoto, mtoto akasikia wema ule. Kisha saa sita mtoto akarudi nyumbani, mu avenu ile tuliyoitaja, na huko hakuna kilichobadilika. Mwalimu hawezi kufuta peke yake kile ambacho njaa, deni na kontra ya miezi mitatu vinaandika kila siku. Kumwachia mwalimu mzigo wote ni kama kumpa mfanyakazi kaske mpya na kuacha dari la mgodi bila nguzo.

Na mwalimu mwenyewe ni nani? Watafiti hao hao waliangalia walimu wa Katanga, wakatoa kazi yao 2015: mwalimu ambaye shida za maisha zimerundikana juu yake, hamu yake ya kazi inapungua. Hapo hatukuhitaji chuo kikuu, lakini ni vizuri imeandikwa. Mwalimu wa watoto wetu ni mfanyakazi kama sisi. Akigoma juu ya mshahara, wazazi wachimbaji wangepaswa kuwa wa kwanza kumuelewa, na mara nyingi tuko wa kwanza kumtukana.

Kinshasa nako kuna kazi ya kuangalia. Chuo cha afya ya watu wote cha Kinshasa, pamoja na chuo kikuu cha Johns Hopkins, kilianza 2017 kufuata vijana 2,842 wa miaka 10 hadi 14 mu komini za Masina na Kimbanseke, fasi za watu wa kipato kidogo. Wanarudi kwa watoto wale wale mwaka nyuma ya mwaka, wanauliza juu ya mwili, urafiki, vipigo, kazi za nyumbani, nini kinaruhusiwa kwa kijana na nini kinakatazwa kwa binti. Kilichotupendeza ni kwamba hawakuchukua paka watoto wanaosoma. Walitafuta pia wale wasiosoma. Hilo ni jambo kubwa, na wengi wanalikimbia juu ni kazi ngumu: mtoto aliye darasani unampata saa mbili asubuhi, yule anayeuza maji ao anayeosha mawe sharti umtafute.

Nani anahesabiwa, nani anasahauliwa

Huku kwetu, mtoto wa machimbo amehesabiwa sana, lakini kwa swali moja tu: yuko mu shimo ao hayuko? Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti yao juu ya kobalti, na dunia nzima ikasikia hesabu ya UNICEF ya 2014: watoto karibu 40,000 mu machimbo ya kusini ya Kongo. Mwaka 2017 watafiti wa Berkeley walipita mu vijiji na mitaa 150 ya ukanda wa shaba na kobalti, wakakadiria watoto karibu 4,700 mu kazi ya machimbo. Namba hizo zinatofautiana sana, na wakubwa wa kampani wanapenda kushika ile ndogo, waandishi wa Ulaya wanapenda kushika ile kubwa. Hazikuhesabu eneo moja, wala kwa njia moja. Sisi tunaona jambo lingine: hata ukishika namba ile ndogo, kuna mtoto aliyetolewa mu shimo, akapewa daftari na sare, na hakuna aliyemuuliza aliona nini mule ndani. Alimuona nani akifunikwa na udongo? Anaota nini usiku? Masista wa Bon Pasteur wa Kolwezi, waliofungua kazi yao 2012, wameonyesha kwamba inawezekana kumpa mtoto wa namna hiyo masomo na pia mtu wa kumsikiliza. Lakini masista hawatatosha kwa Lualaba yote.

Kuna wengine wasiohesabiwa kabisa: mtoto wa aneksi. Tuzungumze bila kuficha. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, watu walilala mu stesheni miezi mizima wakingoja treni, wengi wakafa pale na njiani. Waliitwa kwa majina ya wadudu. Wengi wa watu hao walikuwa wachimbaji wa kizazi cha pili na cha tatu, walizaliwa mu kampi zile zile. Vijana wa leo hawakuwako, lakini tunasikia maneno yale yale yakirudi mu uwanja wa masomo, mu kinywa cha mtoto wa miaka 13. Hakuyazua yeye. Aliyasikia mezani, wakati wa bukari. Na mtoto anayeitwa hivyo kila siku, hata akipata dawati na kitabu, hajapata masomo sawa na mwenzake. Shimo halina kabila: udongo ukianguka hauulizi mtu anatoka wapi, na sendika yetu haikuuliza hata siku moja.

Sasa tunafanya nini? Kwanza kuna haki ambayo tayari iko. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 178, inamlazimisha mwajiri kutoa matunzo ya afya kwa mfanyakazi na familia yake. Haisemi "mwajiri mkubwa". Kampani ya sutretansi ni mwajiri. Na haisemi kwamba afya ni malaria na mvunjiko wa mfupa peke yake. Mtoto asiyelala, asiyekula, anayetaka kujidhuru, ni mgonjwa anayestahili karatasi ya lopitali. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, kinachotunza magonjwa ya namna hiyo. Tunajua wazazi wanaogopa jirani atasema "mtoto wake ni kichaa". Tunajua pia wengine wanakimbilia kwanza kwa mtu wa maombi, na huko mtoto mnyamavu anaambiwa ni mulozi. Hapo tuwe wazi: sheria ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na inamwadhibu anayefanya hivyo, hata akiwa mchungaji, hata akiwa mjomba.

Pili, kuna feza. Kodi ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inataka kila kampani ya mgodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na iandike kaye de sharji pamoja nao. Kampani inayouza kwa dola bilioni moja, hiyo ni dola milioni tatu. Tumesoma kaye de sharji kadhaa. Kuna visima, kuna madaraja, kuna majengo ya masomo yenye rangi nzuri. Tumetafuta mtu mmoja mwenye kazi ya kusikiliza vijana mu masomo hayo, hatukumuona. Tumetafuta msaada wa minervali kwa mtoto wa mwaka wa saba ambaye kontra ya baba imekatika, hatukumuona vilevile. Jengo linapigwa picha siku ya kufungua. Mtu wa kusikiliza hapigwi picha, labda ni sababu hiyo.

Tatu ni juu ya watafiti wenyewe. Wanakuja, wanauliza, wanaondoka, na karatasi inatoka kwa Kiingereza mu chuo cha mbali. Tunawakaribisha, lakini tuna masharti. Wasihesabu paka watoto wa masomo, wasisahau aneksi na mtoni. Waandike kontra ya baba na mama, kampani kubwa ao sutretansi ao machimbo ya mikono, juu bila hiyo hakuna anayeweza kujua usawa uko wapi. Wamuulize mtoto kwa Kiswahili cha hapa, ao kwa Kiluba, ao kwa Kiruund, si kwa Kifaransa cha mtihani. Na matokeo yarudi, yasomwe kwa sauti, wazazi wakiwa wamekaa.

Delege wa kila kampani amepewa karatasi yenye maswali ya kujaza: watoto wangapi wa miaka 10 hadi 19 nyumbani, wangapi wanasoma, wangapi walifukuzwa juu ya minervali mwaka huu na mara ngapi, na kama kuna mtoto ambaye mzazi anamuhofia. Jina la mtoto haliandikwi. Wafanyakazi wa sutretansi na bakrezere wanaweza kujaza bila kadi ya sendika. Bamama wajaze wenyewe, wasingoje baba arudi. Mara nyingi ni wao njo wanajua jibu la swali la mwisho. Karatasi zikirudi, tutaziweka juu ya meza siku ya kuzungumza kaye de sharji, kando ya zile za tani na za saa.